Njia Iliyopita Katikati ya Shamba Langu

Ng'ombe akila mpunga usiku hapigi kelele. Sauti yake ni kama mtu anayechana kitambaa taratibu, kipande kwa kipande, halafu katikati yake unasikia miguu ikizama na kuchomoka kwenye tope. Nilikuwa nimelala kwenye dungu, Juni 2011, wiki ya mwisho ya kuwinga ndege kabla ya kuvuna. Nikaamka saa tisa usiku nikidhani ni mvua inanyesha kwenye migomba. Nilipowasha tochi niliona macho. Macho mengi, ya kijani, yamejaa jaruba zima.

Nikapiga yowe. Kwenye bonde letu hili la Kilosa, mkoani Morogoro, yowe la usiku lina historia yake, na hakuna anayelisikia akajigeuza upande wa pili kitandani. Haikupita muda shamba lilikuwa limezungukwa na wanaume wenye mapanga na marungu, wengine kifua wazi, wanamtafuta morani mwenye sime. Wakamkuta mtoto. Umri wake miaka kumi na miwili hivi, shuka limelowa hadi kiunoni, fimbo ndefu kumpita mwenyewe, analia bila sauti. Mtu mmoja akainua rungu. Yule mtoto badala ya kukimbia akanijia mimi, mwanamke pekee pale, akainamisha kichwa mbele ya kifua changu, akatulia.

Sikuelewa anataka nini. Nilidhani anajitayarisha kupigwa, au ananidhihaki. Nikamsukuma. Akaanguka kwenye tope.

Ulipita zaidi ya mwaka mmoja ndipo nikaja kujua kwamba hivyo ndivyo mtoto wa Kimaasai anavyomwamkia mkubwa: anainama, na mkubwa anamgusa utosini. Yule mtoto, saa tisa usiku, katikati ya watu wenye mapanga, alikuwa ananipa shikamoo.

Naandika haya kwa sababu mpwa wangu amechaguliwa kuingia baraza la ardhi la kijiji chao, na ameniomba nimfundishe kusuluhisha wakulima na wafugaji. Nimemwambia sina somo, nina yaliyonipata tu. Akasema hayo hayo.

Basi kwanza aelewe ardhi yenyewe. Kilosa ukiitazama kwenye ramani utasema watu wa huko wanagombania nini, wilaya kubwa hivyo. Lakini toa mashamba ya mkonge, ambayo mengine yamegeuka pori huku hati zake zikiwa na watu ambao hatujawahi kuwaona. Toa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964. Toa ranchi kule tambarare za Mkata. Toa sehemu zinazofurika masika. Kinachobaki ni mabonde, na bonde ndilo mkulima anataka kwa mpunga, na ndilo mfugaji anataka kiangazi majani ya juu yakishakauka. Wote tunataka udongo ule ule wenye unyevu, miezi inayofuatana. Halafu 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa wafugaji kule Ihefu, bonde la Usangu mkoani Mbeya, tukaanza kuona makundi mapya ya ng'ombe yakipita huku kwetu, na si yote yaliyopita. Sisi hatukuwatenga hao wageni na Waparakuyo, wafugaji wa jamii ya Kimaasai, ambao walikuwapo tangu zamani. Wote tukawaita wavamizi. Na wao wote wakatuita ormeek, wakulima tusio wa kwao, neno ambalo kwa jinsi linavyotamkwa huhitaji kutafsiriwa.

Juu ya hayo kuna Desemba 2000. Kule Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika shambulio moja la wafugaji. Si kijijini kwetu, lakini habari ilifika kabla ya jua kuzama, na tangu siku hiyo kwetu hakuna ugomvi wa ng'ombe ambao ni wa ng'ombe tu. Mtu akija barazani kudai debe tatu za mahindi, sentensi ya pili anakuwa ameshafika 2000.

Nirudi kwenye mpunga wangu. Bwana shamba alikuja kupima uharibifu kesho yake mchana, akapita akihesabu kwa hatua, akaandika magunia 22. Kwa bei ya msimu ule ni zaidi ya milioni moja. Ng'ombe, sabini na kitu, walishikiliwa kwenye zizi siku nne. Siku ya tano nikaitwa nikapewa laki moja na nusu, nikaambiwa niweke sahihi, mama, mambo yameisha, hawa watu ni wakorofi, shukuru hata hicho. Nikaweka sahihi. Nilipofika nyumbani nikazihesabu tena, nikazitupa kitandani, nikalia kwa hasira. Ile hasira haikuwa ya njaa. Ilikuwa ya kuonekana mjinga: mtu mwenye ng'ombe sabini amekula mavuno yangu ya mwaka, akanilipa bei ya mbuzi wachache.

Tukagoma kununua maziwa yao. Huo uamuzi ulikuwa wetu wanawake, na nilikuwa mstari wa mbele. Akina mama wa Kimaasai walikuwa wanavuka mto kila asubuhi na vidumu na vibuyu, wanapima kwa chupa ya soda, wakirudi wanabeba unga. Tukawaambia wasije. Wakaacha kuja. Wiki ya kwanza tulijiona washindi. Wiki ya tatu wajukuu zetu wanakunywa chai ya rangi, na muuza duka aliyekuwa anawauzia unga ameacha kutusalimia sisi.

Kilichofuata sikukitarajia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Kwetu nafasi moja ya mwanamke ilikuwa wazi. Mkutano mkuu ukanipitisha kwa sauti kubwa, na najua kwa nini: walitaka mtu mwenye kinyongo. Kwa kuwa nilisoma hadi kidato cha nne, wakanipa na daftari. Nikawa katibu.

Usuluhishi wetu wa mwanzo ulikuwa aibu. Lilikuja shirika moja, likatupa fulana, soda na posho ya nauli, likatukalisha kwenye darasa la shule ya msingi: wakulima madawati ya kushoto, wafugaji ya kulia. Mgeni akasema tudumishe amani. Tukapiga makofi. Halafu akasema kila upande ueleze kero zake, na hapo ikawa kama watu wawili wanaimba nyimbo tofauti kwa wakati mmoja. Mkulima anasimama: mnamo 2000. Mfugaji anasimama: wakati ule mlipofunga njia. Mkulima: msimu uliopita ng'ombe waliingia kwangu. Mfugaji: ndugu yetu alikutwa amekufa njiani, nani aliulizwa? Mimi naandika. Nilijaza kurasa kumi na moja. Jioni wakaondoka na fulana zao, na usiku ule ule mtu akakata ng'ombe wawili mishipa ya miguu ya nyuma. Nimekaa na kurasa hizo kumi na moja hadi leo.

Lakini ni kurasa hizo zilizonifungua macho, maana nilizisoma tena kiangazi kilichofuata nikiwa naumwa malaria, sina la kufanya. Nikaona kitu cha kijinga kabisa, ambacho pengine wewe umeshakiona: hakuna aliyekuwa anabisha jambo alilosema mwenzake. Hata mmoja. Hakuna mfugaji aliyesema ng'ombe hawakuingia. Hakuna mkulima aliyesema njia haikufungwa. Kila mmoja alikuwa anaanza kusimulia siku nyingine. Na ukimruhusu mtu achague siku ya kuanzia, daima atakuwa yeye ndiye aliyepigwa kwanza. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, ndiyo, lakini hawa hawakuwa wakiwamba ngoma moja.

Nilipopata nafuu nikamtafuta mzee wao, laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, wa ng'ambo ya mto. Nilipitia kwa mama mmoja aliyekuwa akiniuzia maziwa kabla ya mgomo. Nilimkuta mnadani, akanitazama muda mrefu, akasema, "Takwenya." Nikasema shikamoo. Akacheka. "Miaka yote hii unakunywa maziwa yangu, hujui kuitikia? Unasema iko." Nikasema iko. Akanishika mkono hadi kwa mzee. Ni siku hiyo pia, nikiwa nimekaa kwenye kigoda bomani, watoto walipokuja mmoja mmoja kuniinamishia vichwa, ndipo nilipokumbuka yule niliyemsukuma. Nilimtafuta kwa macho, hakuwapo. Nilinyamaza. Si kila kitu unaweza kukisema siku ya kwanza.

Mzee hakuniuliza shida yangu. Aliniuliza, "Mama katibu, baba yako alikuja lini hapa bondeni?"

Nikamwambia 1974, Operesheni Vijiji, walipotolewa kule milimani. Baba alikuwa akitusimulia jinsi lori lilivyoshusha vyombo vyao chini ya mbuyu, mvua inanyesha, kuku wawili wamekufa njiani, na mama ana mimba yangu.

"Mbuyu ule wenye tundu?"

"Huo huo."

"Nililiona hilo lori," akasema. "Nilikuwa kijana. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa wanapumzika mchana chini ya huo mbuyu kila kiangazi. Tulisimama mbali tunawatazama mnashusha vitanda. Tulicheka. Tulidhani ni watu wa kupita."

Sijui nieleze vipi jinsi maneno hayo yalivyonikaa. Nimekua nikiamini kwamba kuhamishwa ni msiba wetu peke yetu, kwamba hakuna aliyetuona. Kumbe alikuwapo shahidi, na alikuwa upande wa pili. Sisi tulishushwa pale kwa nguvu, na pale palikuwa pao, na lori halikumuuliza yeyote kati yetu. Nilimwambia baba hakuchagua. Akasema, "Najua. Ndiyo maana hatukuwafukuza." Hilo la mwisho lilinikera kidogo, kwa kweli, kama vile tumekaa kwa hisani yao. Nimeliacha likanikera. Naona kuelewana si lazima kila neno liteleze.

Septemba 2013 akanialika nitembee na ng'ombe siku moja. Alisema ukitaka kujua kwa nini wanaingia shambani, usiniulize mimi, waulize wao. Tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka bomani hadi maji kwa mguu wa ng'ombe ni mwendo wa saa nyingi, na ng'ombe mwenye kiu hatembei kama wa asubuhi yake. Saa tano jua limeshika, wakapata harufu ya mto, shingo zikanyooka, mwendo ukabadilika, na hapo nikaona vijana wawili na fimbo zao si kitu. Ni kama kuzuia maji kwa mikono. Njia yenyewe ilikuwa pana mwanzoni, halafu ikabanwa na shamba la ufuta, halafu na alizeti, ikawa uchochoro, watoto wanakimbia pembeni wakiwapiga ng'ombe puani wasing'ate majani ya watu. Mzee alikuwa ananionyesha alama: mkwaju huu, mkwaju ule, kisha mbuyu. "Ukisimama hapa ukaona ile miti mitatu imejipanga, umo njiani. Baba yangu alinifundisha hivyo."

Nikasimama. Nikaipanga miti mitatu kwa jicho moja. Mstari ukaenda moja kwa moja hadi kwenye dungu langu.

Ile sehemu niliuziwa 2007, kama nusu ekari pembeni ya shamba la baba, na waliokuwa madarakani wakati huo. Risiti ninayo. Nilijua palikuwa pakipita ng'ombe zamani, lakini niliambiwa njia imehamishwa. Sikuuliza imehamishiwa wapi. Ukiwa na risiti mkononi huulizi. Sasa nilisimama nikilitazama shamba langu kutoka upande ambao ng'ombe hulitazama: kijani, liko mbele, limelala katikati ya kiu na maji.

Nilirudi nyumbani sikumwambia mtu. Nakiri. Nilikaa na hilo karibu mwezi mzima, nikiendelea kuandika kumbukumbu za baraza kwa mwandiko mzuri.

Kilichonilazimisha kusema ni hesabu. Tulikuwa chini ya mbuyu, wazee watano wa kila upande, hakuna mgeni, hakuna soda. Safari hii nilikuwa nimeomba kitu kimoja: kabla hujasema lako, lisimulie la mwenzako mpaka yeye mwenyewe aseme ndivyo. Jambo gumu mno hilo. Mkulima mmoja alijaribu mara tatu, kila mara anamalizia kwa dhihaka, na mfugaji anatikisa kichwa, bado. Mara ya nne akalisema sawasawa, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba, na yule mfugaji akasema ndivyo, halafu wote wawili wakakaa kimya kama walioshikwa na aibu.

Zamu ya kijana mmoja wa wafugaji kulisimulia langu ilipofika, akasema, "Huyu mama mpunga wake uliliwa, akalipwa laki sita, lakini bado ana kinyongo."

Nikasema, "Laki ngapi?"

"Sita. Tuliuza madume mawili."

Nikasema nilipewa laki moja na nusu. Pale chini kulikuwa na gunia la mahindi la mtu. Mzee akachota kiganja, akasema kila punje elfu kumi. Akaweka punje sitini kwenye kanga yangu, mstari baada ya mstari. Nikatoa zangu kumi na tano nikazivuta upande wangu. Zikabaki arobaini na tano katikati, wote tunazitazama. Kijana akaanza kukumbuka kwa sauti: za kila kichwa zizini, za chakula cha walinzi, za mafuta ya pikipiki, za mtu fulani aliyesema bila yeye mngefungwa. Risiti alipewa moja, ya elfu hamsini. Mkulima aliyekuwa pembeni yangu naye akakumbuka kesi yake. Na mwingine. Punje zikaongezwa. Mikono iliyopitisha pesa hizo siitaji hapa, wengine bado wapo, wengine wameshatangulia mbele ya haki. Ninachosema ni kwamba kwa miaka miwili huyu kijana alinichukia kwa kula laki sita kwa nusu shamba, na mimi nilimchukia kwa kunilipa laki moja na nusu kwa magunia 22, na wote wawili tulikuwa tunachukia watu wasiokuwapo. Tungebaki hivyo hadi kufa, maana hesabu hiyo ilihitaji sisi wawili tu kukaa mahali pamoja, na kulikuwa na watu ambao riziki yao ilitegemea tusikae.

Hapo ndipo niliposema kuhusu miti mitatu. Nilisema nusu ekari yangu iko njiani, ninayo risiti, lakini iko njiani.

Mpwa wangu akiuliza nilipata nini kwa kusema hivyo, nitamjibu: nilipata jina. Mama Maasai. Mwanangu wa kwanza aliniambia nimegawa urithi wake kwa watu waliomlaza njaa, akahamia kwa mjomba wake miezi minne. Kanisani kuna waliohama benchi. Na mzee naye hakusalimika, vijana wake walisema amenunuliwa na Waswahili, kwamba amekubali mipaka katika nchi isiyokuwa na mipaka. Alinisimulia hayo akitabasamu, lakini nilimwona amekonda. Hakuna aliyetuambia kwamba ukilielewa la upande wa pili, upande wako ndio wa kwanza kukugeuka.

Makubaliano yenyewe, ya 2014, sitayaeleza sana, ni ya kawaida. Njia irudi, hatua arobaini upana, ipakane na mikonge tuliyoing'oa machipukizi yake kwenye shamba la zamani lililotelekezwa. Mkonge hauliwi na ng'ombe na hauhitaji kumwagiliwa. Tulishangaa hatukuwaza mapema, tumezaliwa katikati ya mikonge. Ng'ombe wasipite baada ya jua kuzama. Mabua waruhusiwe baada ya mavuno, kwa tarehe itakayotangazwa, na samadi iwe ya mwenye shamba. Uharibifu ukitokea, pesa ihesabiwe mbele ya pande zote mbili, mkono kwa mkono. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichopingwa kuliko vyote, na hakikupingwa na mkulima wala mfugaji.

Kuna mzee mmoja wa upande wetu ambaye alifiwa na ndugu katika yale ya 2000. Alihudhuria vikao vyote. Alisimulia la mfugaji vizuri kuliko sisi wote, hadi laigwanani akasema ndivyo mara mbili. Siku ya kuweka sahihi alikataa. Alisema, "Nimewaelewa. Sijawasamehe. Msiniandikie nisichokifanya." Wajumbe wengine walitaka kumbembeleza. Mimi nikaandika kwenye daftari: hakusaini, alishiriki. Nadhani hiyo ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizoandika miaka ile. Mikonge alipanda, mingi kuliko wengine.

Na yule mtoto? Nilimwona siku ya kupanda. Alikuwa ameshaota sauti nzito. Nilimwendea, sikujua nianzie wapi, nikasema unanikumbuka? Akasema ndiyo, mama wa tochi. Nikamwuliza ile siku ilikuwaje. Akasema ng'ombe watatu walipotea jioni, akaogopa kurudi nyumbani bila wao, akawatafuta hadi giza, na kundi zima likamfuata njia wanayoijua. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Nikamwomba radhi kwa kumsukuma. Hakunielewa, alikuwa ameshasahau kusukumwa. Alichokuwa anakumbuka ni kwamba sikumgusa kichwa. Sasa alikuwa mkubwa wa kupeana mkono, tukapeana mkono, ikawa hivyo.

Njia haikumaliza kila kitu. Kiangazi kibaya kikija, makundi ya mbali yanatokea, watu hawajui makubaliano yetu wala miti mitatu. Mwaka 2017 simu iliita usiku, saa nne hivi. Ni yule mtoto wa usiku ule, sasa kijana. "Mama, amka. Kuna ng'ombe wameingia upande wa chini. Si wetu. Usipige yowe, nakuja."

Nilitoka na tochi, mwanangu nyuma yangu na panga. Tulipofika kijana alikuwa ameshaingia majarubani, anapiga mluzi, mluzi wa chini chini, na wale ng'ombe wa kigeni wakawa wanamgeukia mmoja mmoja kama wanafunzi walioitwa majina. Mwanangu aliweka panga chini akashika tochi, maana hapakuwa na mwingine wa kuishika. Hawakusalimiana. Ng'ombe wakatoka, mwenyewe akapatikana kesho yake, tukahesabu hadharani, yakaisha.

Lakini usiku ule, wakiwatoa, ng'ombe walikanyaga mikonge ya mpakani. Niliihesabu kwa tochi: kumi na mmoja. Nikamwambia kijana kesho mpande mingine. Akasema mpaka ni wenu, mnapanda nyinyi. Nikasema nyinyi ndio mliopitisha ng'ombe. Akasema si wetu hao, mama, nimekwambia kwenye simu. Tulibishana pale pale tumesimama kwenye tope hadi saa saba usiku, na mwanangu akaingilia, kwa mara ya kwanza akimsemesha, akamwambia kifungu cha nne kinasema upande wa mto ni wenu.

"Kifungu cha nne ni cha samadi," kijana akasema.

Nikawaambia twende nyumbani nikawaonyeshe daftari.